Kueleza nyumba yako na vitu vyako kwa Kiingereza: mwongozo wa anayeanza

Mtu anayeanza Kiingereza mara nyingi hupewa orodha: mlango ni "door", kiti ni "chair", kitanda ni "bed". Anaikariri mpaka anaijua barabara, kisha anaulizwa swali dogo tu, unaishi kwenye nyumba ya namna gani, na ulimi unakwama. Majina ya vitu anayo. Asichonacho ni sentensi za kuyabeba, na hizo hazimo kwenye orodha.

Hapa tutaanza na sentensi, maneno yatafuata. Sentensi zinazohitajika kueleza nyumba na mali ni chache, na ukizishika vizuri utaweza kupachika ndani yake jina lolote jipya utakalokutana nalo. Chukua daftari na kalamu, ukae kwenye chumba unachokijua. Mazoezi yote yatatoka humo.

Hatua ya 1: Kusanya maneno uliyonayo tayari

Kabla ya kufungua kamusi, tazama pande zote za chumba. Kiswahili kimeazima majina mengi ya vitu vya nyumbani kutoka Kiingereza, kwa hiyo huanzi na mikono mitupu. Blanketi ni "blanket", soketi ni "socket", swichi ni "switch", sinki ni "sink", friji ni "fridge", kochi ni "couch", geti ni "gate", droo ni "drawer", kabati ni "cupboard". Unapoyatamka kwa Kiingereza, idondoshe vokali ya mwisho tuliyoiongeza sisi: "blanket" inakatika kwenye t, haifiki kwenye i. Na "cupboard" ina p isiyosikika. Itamke karibu na "kabad".

Baadhi yanahitaji uangalifu. Kabati la vyombo ni "cupboard", lakini la nguo ni "wardrobe", na lile lililojengwa ndani ya ukuta Wamarekani huliita "closet". Stoo ya nyumbani iite "storeroom", maana ukisema "store" peke yake watu wengi watafikiria duka. Jiko nalo linagawanyika: chumba ni "kitchen", kifaa cha kupikia ni "cooker" au "stove".

Andika majina ya vitu kumi na tano unavyoviona sasa hivi. Usizidishe. Ongeza majina ya sehemu za nyumba: sebule ni "living room", chumba cha kulala ni "bedroom", bafu ni "bathroom", choo ni "toilet", sakafu ni "floor", ukuta ni "wall", dari ni "ceiling", paa ni "roof". Haya yanatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Tenganisha "kuna" na "nina"

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu sentensi nyingi utakazotunga zitapita hapa. Kwa Kiswahili tunasema "kuna meza" na "nina meza", na maneno hayo mawili yanafanana kwa sababu yote yamejengwa kwa "na". Kiingereza hakioni udugu wowote kati yake. Kitu kuwapo mahali ni jambo moja, mtu kuwa nacho ni jambo jingine, na kila jambo lina kitenzi chake.

Kwa kitu kuwapo, tumia "there is" kikiwa kimoja na "there are" vikiwa zaidi ya kimoja. "There is a table in the room", chumbani kuna meza. "There are two chairs in the kitchen", jikoni kuna viti viwili. Sisi tuna pana, kuna na mna, kila moja na mahali pake. Kiingereza kina "there" moja tu kwa zote tatu. Ukitaja vitu kadhaa kwa mfululizo, watu kwa kawaida hufuata kile cha kwanza: "There is a bed and two chairs."

Kwa mtu kuwa na kitu, tumia "have" au "has". "I have a bed. You have a bed. We have a bed. They have a bed." Ikifika kwa mtu mmoja unayemzungumzia, au kitu kimoja, inakuwa "has": "She has a bed. The house has a red door." Nyumba nayo inaweza kumiliki, kama tunavyosema nyumba ina vyumba vitatu: "The house has three rooms."

Yapo makosa mawili yanayozaliwa moja kwa moja na Kiswahili chetu. La kwanza ni "I am with a car", kwa kufuata umbo la nina, yaani "ni" pamoja na "na". Kwa Kiingereza hiyo inamaanisha umesimama karibu na gari, si kwamba ni lako. La pili ni "In my room has a table", kwa kuwa tunasema chumbani kwangu kuna meza. Ukianza na mahali, rudi kwenye "there is": "In my room there is a table." Ukitaka "has", chumba chenyewe kiwe ndicho mtenda: "My room has a table."

Kukanusha na kuuliza kunahitaji mazoezi ya mdomo, si ya kuandika tu. Sema kwa sauti: "There isn't a mirror. There aren't any curtains. Is there a fan? Are there any shelves?", yaani hakuna kioo, hakuna mapazia, kuna feni, kuna rafu? Kisha upande wa pili: "I don't have a fan. She doesn't have a key. Do you have a key? Does the house have a garden?" ("key" ni ufunguo, "garden" ni bustani.) Angalia kwamba "does" ikishaingia, "has" inarudi kuwa "have". "She doesn't has" ni kosa linalosikika sana, na dawa yake ni kurudia umbo sahihi mpaka sikio likatae lile jingine.

Wakati uliopita ni rahisi kuliko unavyodhani: "There was a table", kulikuwa na meza, "There were chairs", kulikuwa na viti, "I had a car", nilikuwa na gari. "Had" haibadiliki, awe nani. Kwa Waingereza utasikia pia "I've got a car". Maana ni ileile. Ielewe unapoisikia, ila wewe endelea na "I have" mpaka uizoee.

Hatua ya 3: Vijineno vidogo, "a", "an" na "the"

Kiswahili hakina vijineno hivi, kwa hiyo tunavisahau. Lakini "I have table" inasikika pungufu kwa mwenye lugha. Kitu kimoja kinachohesabika kinahitaji kitu mbele yake: "a", "the", "my", "this" au "one". Kikae peke yake, sentensi inachechemea.

Unapokitaja kitu kwa mara ya kwanza tumia "a". Ukikirudia, wakati msikilizaji ameshajua ni kipi, tumia "the". "There is a table in my room. The table is old." Sentensi ya pili ni sawa na kusema meza hiyo, meza niliyokwisha kuitaja. Kanuni moja itakuokoa mara nyingi: katika maelezo ya nyumba, baada ya "there is" weka "a" au "an", siyo "the".

"An" hutumika mbele ya sauti ya vokali. Nimesema sauti, wala si herufi. "An iron" (pasi), "an old chair", "an umbrella" (mwavuli). Lakini "a used bed" (kitanda kilichotumika), kwa kuwa "used" inaanza na sauti ya yu. Na "my" haichangamani na "a" wala "the": ni "my house", basi.

Fanicha ni mtego wa pekee. Sisi tunasema fanicha hizi, fanicha zangu, lakini "furniture" kwa Kiingereza haina wingi na haihesabiki. Hakuna "furnitures", wala "a furniture". Sema "some furniture", au ukitaka kuhesabu, "three pieces of furniture". "Luggage", mizigo ya safari, inafuata njia hiyohiyo. Kinyume chake ni "clothes", "scissors" na "glasses" kwa maana ya miwani: hizo ni wingi siku zote, hata kama miwani ni moja. "My glasses are on the table."

Hatua ya 4: Kiambishi "-ni" kina sura nyingi

Sisi tuna starehe kubwa hapa. Mezani, kabatini, ukutani, mlangoni, nyumbani: silabi moja mwishoni na mahali pamejulikana. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na anayechagua vibaya anaeleweka vibaya.

Jiulize kitu kimegusa uso wa kitu kingine, au kimezungukwa nacho, au kipo tu kwenye eneo lake. Kikigusa uso, ni "on": mezani ni "on the table", ukutani ni "on the wall", na taa iliyoshikamana na dari ni "on the ceiling". Kikizungukwa, ni "in": kabatini ni "in the cupboard", chumbani ni "in the room", pembeni mwa chumba ni "in the corner". Likiwa ni eneo au kituo tu, ni "at": mlangoni ni "at the door", nyumbani ni "at home". Kitandani kunaweza kuwa pawili. Aliyelala na kujifunika yuko "in bed", lakini mkoba uliowekwa juu ya shuka uko "on the bed".

"Juu ya" nayo inahitaji uamuzi huohuo. "The lamp is on the table" ni taa iliyosimama juu ya meza. "The lamp is above the table" ni taa inayoning'inia bila kuigusa. Kwa Kiswahili zote mbili ziko juu ya meza.

Mengine hayana shida: "under" ni chini ya, "behind" ni nyuma ya, "in front of" ni mbele ya, "next to" ni kando ya, "between" ni katikati ya viwili, "opposite" ni mkabala na. Chukua kitu kimoja, tuseme ufunguo, ukihamishe huku na huku chumbani ukisema kila mara ulipo: "The key is under the pillow" (chini ya mto). "The key is behind the door. The key is in the drawer." Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini silijui lingine linalofundisha vihusishi haraka kuliko hili, kwa sababu mkono, jicho na mdomo vinafanya kazi kwa pamoja.

Neno "home" lina tabia yake. Ukienda nyumbani unasema "I am going home", bila "to". Na kwangu, kwako, kwa Asha, ambazo tunazitumia kila siku, zina wenzake: "at my place", "at your place", "at Asha's place".

Hatua ya 5: Ni cha nani?

Kiswahili humtazama mali, Kiingereza humtazama mwenye mali. Ukiukumbuka mpangilio huo, nusu ya kazi imekwisha. Sisi tunasema kiti changu, nyumba yangu, vitabu vyangu, magodoro yangu, neno likijipinda kwa ngeli ya kitu. Kwa Kiingereza yote hayo ni "my": "my chair, my house, my books, my mattresses". Pumzika hapo.

Kazi inakuja kwenye -ake. Kiti chake kinaweza kuwa cha mwanamume, cha mwanamke, au sehemu ya kitu. Kiingereza kinataka ujue: "his chair" cha mwanamume, "her chair" cha mwanamke, na "its" kwa kitu, kama "the house and its roof". Usitazame kiti, mtazame mwenyewe. Mume wa Asha ni "her husband", ingawa mume ni mwanamume, kwa kuwa anayetajwa kama mwenyewe ni Asha.

Ukiwa na jina, mwenyewe anatangulia: nyumba ya Juma ni "Juma's house", chumba cha dada yangu ni "my sister's room", nyumba ya wazazi wangu ni "my parents' house", alama ikikaa baada ya s ya wingi. Kwa sehemu za nyumba majina mawili hupangwa tu pamoja, la mwisho likiwa ndilo kitu chenyewe: "kitchen door" ni mlango wa jikoni, "bedroom window" ni dirisha la chumbani. Ukigeuza, maana inageuka.

Kuuliza: "Whose bag is this?" Kujibu: "It's mine", "It's hers", "It's Juma's". Katika mazungumzo rasmi utakutana na "This bag belongs to Juma", maana ikiwa ni ya Juma.

Hatua ya 6: Sifa hutangulia, na hazibadiliki

Mlango mkubwa, viti vikubwa, madirisha makubwa: kwa Kiingereza yote ni "big". Wala haichukui s ya wingi, "two big windows", si "two bigs windows". Sifa hukaa mbele ya jina. Zikiwa nyingi zina foleni yao: maoni, ukubwa, umri, rangi, kisha kilichotumika kutengenezea. "A beautiful big old brown wooden table." Si lazima utumie tano kwa mpigo, mbili zinatosha, "a small wooden table". Ukisema "a wooden small table" utaeleweka, ila itasikika imepindwa.

Neno lenye manufaa makubwa hapa ni "with", linalofanya kazi ya -enye. Nyumba yenye vyumba viwili ni "a house with two bedrooms". Mkoba wenye zipu mbovu ni "a bag with a broken zip".

Vipimo navyo huenda tofauti. Sisi tunasema chumba kina urefu wa mita 4. Kiingereza cha kila siku husema chumba ni kirefu mita 4: "The room is four metres long and three metres wide."

Hatua ya 7: Sauti chache za kuchunga

Una bahati kwenye "th". Sauti ya "the", "this" na "there" ni dh ya dhahabu. Sauti ya "three", "bath" na "thing" ni th ya thelathini. Wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika nazo, wewe unazo tangu utoto kama umezitofautisha na z na s.

Chunga i ndefu na fupi. "Live" ni kuishi, fupi. "Leave" ni kuondoka, ndefu. "Sheet", shuka, ivute i yake vizuri, kwa kuwa ikifupishwa inakuwa tusi. "Knife", kisu, haisikiki k, "comb", kitana, haisikiki b, na "iron" hutamkwa karibu na "ayan". "House" ina s mwishoni, lakini "houses" inasikika "hauziz".

Hatua ya 8: Eleza nyumba nzima

Soma aya hii kwa sauti:

"I live in a small house with two bedrooms. There is a living room, a kitchen and a bathroom. The living room has two big windows. There is an old brown sofa under the windows, and there is a clock on the wall. My bedroom is next to the kitchen. I have a bed, a wooden table and a shelf. My sister's room is bigger than mine, but her window is very small. We don't have a garden."

Hakuna muundo wa sentensi humo ambao hatujaupitia, isipokuwa "bigger than", kubwa kuliko. "Clock" ni saa ya ukutani. Angalia kwamba imeandikwa "I live", si "I stay". Kukaa kwetu kuna maana zote mbili, lakini "stay" ni kukaa kwa muda, kama mgeni. Sasa iandike upya kwa nyumba yako, ukibadilisha kila kisicho kweli. Usitunge nyumba ya kifahari. Maneno ya vitu unavyovigusa kila siku ndiyo yatakayobaki kichwani.

Ikiwa unaishi kwenye jengo la ghorofa, jua kwamba Uingereza na Marekani hawahesabu sawa. Kwa Mwingereza sakafu ya chini ni "ground floor" na ya juu yake ni "first floor". Kwa Mmarekani "first floor" ni ile ya chini kabisa. Mwingereza huishi kwenye "flat", Mmarekani kwenye "apartment". Bomba la maji ni "tap" kwa wa kwanza, "faucet" kwa wa pili. Chagua upande mmoja na uufahamu mwingine.

Hatua ya 9: Vitu vilivyoharibika na vilivyopotea

Mambo haya mawili ndiyo yatakayokulazimisha kuongea mapema, kwa mwenye nyumba au kwenye dawati la vitu vilivyookotwa, kwa hiyo yaandae kabla hayajakufika.

Kwa uharibifu: "The tap is leaking", bomba linavuja. "The toilet is blocked", choo kimeziba. "The lock is broken", kitasa kimevunjika. "The fridge isn't working", friji haifanyi kazi. Mlango uliorudishiwa tu ni "closed", uliofungwa kwa ufunguo ni "locked". Na taa haifunguliwi kwa Kiingereza: kuwasha ni "turn on", kuzima ni "turn off".

Kwa kilichopotea, fuata mpangilio huu: ni nini, kinafananaje, kina nini ndani, ulikiacha wapi. "I have lost my bag. It's a small black leather bag with a broken zip. There is a phone and some keys in it. I left it on a chair near the door." Chukua mkoba wako halisi sasa, uufungue, na utunge maelezo yake kwa mtindo huo, ukirekodi sauti kwenye simu. Sikiliza ulichorekodi ukitafuta mambo matatu tu: kijineno kilichosahaulika mbele ya jina, "has" iliyokaa pa "there is", na "his" iliyokaa pa "her". Rekodi tena. Siku inayofuata eleza kitu kingine, kisha chumba kingine, na umwombe mtu akuulize maswali ya "Is there...?" na "Do you have...?" bila wewe kuangalia daftari.